Majibu ya Kihehe Tuyapeleke Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinagusa kazi ninayoifanya kila siku ofisini kwangu hapa Mbeya: data za madodoso zilizokusanywa kwa lugha zaidi ya moja, huku washirika wa mbali wakizisubiri. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengi.

SWALI: Kamwene mama, na shikamoo. Mimi ni mratibu wa utafiti, niko Kihesa, Iringa. Mradi wetu unawauliza wakulima wanavyohifadhi mahindi baada ya mavuno, katika wilaya za Kilolo, Wanging'ombe na Rungwe. Dodoso liliandikwa kwa Kiswahili, lakini wazee wengi, hasa kina bibi, walijibu kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, na wadodosaji wakaandika kwa Kiswahili papo hapo. Sasa wenzetu wa chuo kimoja cha Ulaya wanataka faili moja safi la Kiingereza. Bosi wangu anasema tutafsiri kila kitu, kisha tufute Kiswahili ili faili lisiwe zito. Roho yangu inasita. Nifanye nini?

JIBU: Kamwene, mwanangu, na marahaba. Usifute. Maandishi hayana uzito wa kumtisha mtu; dodoso zima la kaya mia kadhaa linaingia kwenye flashi ya bei ndogo na nafasi inabaki. Tafsiri iwekwe kwenye safu yake, pembeni ya jibu la mwanzo. Isikae mahali pa jibu lenyewe.

Nikueleze nililoliona kwenye mradi mmoja wa mahindi uliopita mikononi mwangu. Bibi mmoja wa upande wa Kilolo aliulizwa kwa nini mahindi yake hayakufika msimu mpya. Alijibu kwa Kihehe, na kwa kirefu: kihenge kilikuwa kizima, mahindi aliyakausha vizuri, lakini fukusi waliingia kwa sababu dawa ilichelewa kufika dukani. Mdodosaji akaandika kwenye kishikwambi, "mahindi yaliharibika." Ofisini mtu akageuza hilo kwa Kiingereza kuwa mahindi yalioza. Mchambuzi aliyekuwa mbali akaliweka kwenye fungu la unyevu, na rasimu ya ripoti ikapendekeza wakulima wapewe maturubai ya kukaushia. Bibi yule alihitaji dawa mapema au mifuko isiyopitisha hewa. Turubai lisingemsaidia chochote. Kilichookoa kazi ile ni kwamba sauti ilikuwa imehifadhiwa na safu ya Kiswahili ilikuwa bado ipo, kwa hiyo tulipoulizwa tukarudi hatua kwa hatua mpaka mdomoni mwake. Faili lingekuwa la Kiingereza peke yake, pasingekuwa na mahali pa kurudi.

Kwa hiyo kwa kila swali la wazi weka safu tatu: alichosema mhojiwa kwa lugha yake, kama kimeandikwa au kimerekodiwa; alichoandika mdodosaji kwa Kiswahili; na tafsiri ya Kiingereza. Kama ya kwanza haipo, iache wazi, na kwenye kitabu cha maelezo ya data useme kwamba mdodosaji alitafsiri papo hapo bila kurekodi. Huo ni ukweli ambao mchambuzi ana haki ya kuujua.

Ongeza pia safu za lugha zenyewe. Wenzetu wa tafiti kubwa za idadi ya watu na afya (DHS), ambazo hapa kwetu ya karibuni ni ile ya afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria ya mwaka 2022, huandika lugha ya dodoso, lugha iliyotumika kwenye mahojiano, lugha ya mhojiwa mwenyewe, na kama mkalimani alitumika. Mambo manne, kila moja na safu yake. Ukiweza, tumia alama za herufi tatu za ISO 639-3, maana majina ya lugha huandikwa kwa namna nyingi: Kihehe ni heh, Kibena ni bez, Kinyakyusa ni nyy, Kiswahili ni swh. Mshirika wenu wa Ulaya akiona nyy hatauliza kama hiyo ni lugha moja na Kingonde cha ng'ambo ya mto Songwe, kwa sababu alama hiyo imezibeba zote mbili.

Maswali ya kuchagua jibu ni mepesi zaidi, ila yana sharti moja. Namba ya jibu isibadilike hata lugha ikibadilika. Kama 1 ni "ndiyo, mara zote" kwenye Kiswahili, iwe 1 kwenye Kibena na 1 kwenye Kiingereza. ODK na KoboToolbox, programu za kukusanyia majibu kwa kishikwambi, zimejengwa hivyo: kwenye karatasi ya machaguo, safu ya jina la jibu inabaki ileile, na kila lugha inapewa safu yake ya maelezo. Matatizo huanza pale timu inapotengeneza fomu tofauti kwa kila wilaya, na wa Rungwe wakapanga majibu yao kuanzia chini kwenda juu. Ukiunganisha mafaili, walioridhika sana wa wilaya moja wanakaa na waliochukia kabisa wa wilaya nyingine. Ninyi dodoso lenu lilikuwa moja, kwa hiyo mmepona hapo.

Sasa usafi wa faili, maana neno "safi" kila mtu ana lake. Nianze na kialama kidogo cha ng', kwa sababu kwa mikoa yetu ndicho kinachovuruga zaidi. Fungua orodha yako ya wilaya uone. Utakuta Wanging'ombe yenye kialama kilichonyooka, Wanging’ombe yenye kialama kilichopinda ambacho simu nyingi huweka zenyewe, Wanging`ombe yenye kialama kilichoelekea upande mwingine, na Wangingombe ya mdodosaji aliyekuwa na haraka. Wewe unaona wilaya moja. Kompyuta inaona wilaya nne, na kila moja itapata wastani wake wa magunia. Bomalang'ombe ya Kilolo itafanyiwa vivyo hivyo. Chagua kialama kimoja, mimi hutumia kilichonyooka, ubadilishe vyote, kisha uandike kwenye maelezo kwamba ulifanya hivyo. Programu ya OpenRefine haina malipo na inakusanya majina yanayofanana ili uyaone pamoja kabla ya kuamua. Bora zaidi, jina la mahali liende na namba yake ya sensa ya mwaka 2022, na uchambuzi ufanywe kwa namba.

Kialama kilichopinda kina balaa la pili. Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, likihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na mtu akalifungua kwa kubofya tu kwenye Excel, mara nyingi Wanging’ombe inageuka kuwa Wangingâ€™ombe. Wapo wanaoandika Kinyakyusa kwa i na u zenye mstari katikati ili irabu zake 7 zitofautiane, na herufi hizo nazo hupasuka: ʉ inakuwa Ê‰. Herufi hazijapotea, zimesomwa vibaya. Hasara ya kweli inakuja mtu akizihifadhi katika hali hiyo na kukurudishia. Waambie washirika waingize faili kwa njia ya kuleta data na wachague UTF-8, na wanaotumia Stata, programu ya takwimu, wawe na toleo la 14 au la baadaye, maana ya kabla ya hapo hayakujua herufi hizi. Stata hiyohiyo ina uwezo wa kubeba maelezo ya majibu kwa lugha mbili ndani ya faili moja. Unaandaa ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kila mtu anasoma kwa lugha anayoitaka huku namba zikiwa zilezile. Hilo ndilo jibu langu kwa bosi wako anayetaka faili moja. Linawezekana bila kumfuta mtu.

Angalia saa. Mama wa Rungwe anayechuma chai akisema anaamka saa 11, sote tunajua ni alfajiri kabla jua halijachomoza. Mchambuzi wa Ulaya akikuta 11 peke yake kwenye safu atamweka mama huyo kitandani mpaka saa 5 asubuhi yetu. Tengeneza safu ya saa 24 yenye 05:00, na alichosema kibaki pembeni. Tarehe ziandikwe mwaka, mwezi, siku, yaani 2024-04-03, ili Aprili isigeuke Machi. Namba za kaya kama 1-5 zigeuze ziwe maandishi kabla Excel haijazifanya tarehe, na namba za simu zilinde sifuri yake ya mbele.

Vipimo navyo. Ekari iandikwe kuwa ekari na namba ya kugeuzia iwepo; hekta moja ni ekari 2.47. Debe ni lita 20, na kwa mahindi tunahesabu debe 6 kwa gunia la kilo 100. Lakini gunia la viazi la Umalila au Njombe lenye lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, halina uhusiano na hesabu hiyo, na mkulima anaposema "gunia" hasemi ni lipi mpaka umuulize. Kama wadodosaji hawakuuliza, msiligeuze kuwa kilo. Acheni magunia yabaki magunia, na mseme hivyo.

Jambo la mwisho kwenye barua yako hukuliuliza, ila litakufika. Washirika watataka kulinganisha data zenu na za zamani. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410, na ya 2022 ikaipa 2,343,754. Asiyejua atadhani watu wamekimbia au wamekufa, kumbe 1,344,687 wanahesabiwa Songwe. Weka sentensi mbili za historia ya mipaka kwenye kitabu cha maelezo. Sisi tuliopo huku tunaona ni jambo linalojulikana, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliandika.

SWALI: Habari za kazi. Niko Tukuyu, ni mtunza data wa mradi mdogo wa afya ya jamii. Washirika wetu wa nje wanaomba faili pamoja na majina, simu na alama za GPS za kila kaya, wanasema ni kwa ajili ya kuhakiki. Nimefuta majina tu. Inatosha?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Haitoshi, na nakuomba usilitume faili hilo kabla ya kumaliza kusoma.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume yake. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa utafiti wa afya, kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinaambatana na mkataba wa kuhamisha data. Soma mkataba wenu unasema nini kitatoka na kitamfikia nani. Kama simu na majina havimo, jibu lako kwa washirika ni fupi na la heshima: havitoki.

Halafu soma faili lako kwa jicho la jirani. Mtu wa mbali hawezi kumtambua "mwanamke, miaka 46, mwenyekiti wa kijiji, ana watoto saba." Mtu wa kijiji kile anamtambua kabla hajamaliza mstari. Kwenye mikoa yetu hilo si jambo dogo. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na kiwango cha asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, cha juu kuliko mikoa yote. Mtu aliyempa mdodosaji siri yake kuhusu dawa anazotumia alimpa yule binti aliyeketi naye mkekani. Hakuipa kata nzima. Cheo kiondoe au kiingize kwenye fungu pana, umri uweke kwa makundi, na kijiji kibaki namba, huku ufunguo wa namba hizo ukikaa kwenu chini ya kufuli.

Kuhusu GPS, fuata wanavyofanya DHS. Hawatoi alama ya kaya hata siku moja. Wanatoa ya eneo zima, na hata hiyo wanaisogeza kwa bahati nasibu, mjini mpaka kilomita 2 na vijijini mpaka kilomita 5, na maeneo machache ya vijijini, moja kwa kila mia, mpaka kilomita 10. Mchambuzi bado anajua kama watu wako milimani au bondeni, lakini hawezi kufika mlangoni kwa mtu.

Majibu ya wazi yasome moja moja kwa macho yako. Hakuna programu itakayokufanyia hilo kwa Kinyakyusa. Majina yamejificha humo: "shemeji yangu fulani wa pale mashineni." Weka mabano yenye neno SHEMEJI, jina liondoke, maana ibaki. Na rekodi za sauti zisitoke kabisa bila ridhaa iliyotaja sauti, kwa kuwa sauti ya mtu ni jina lake.

Kama kweli wanataka kuhakiki, wapange maswali machache, ninyi mpige simu mkiwa Tukuyu kwa lugha ambayo mhojiwa anaielewa, kisha mtume majibu bila namba.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, natokea Mbozi. Nimekusanya data zangu za shahada ya pili kwa Kinyiha na Kiswahili. Nizihifadhi kwa programu gani? Sina hela ya kununua leseni.

JIBU: Huhitaji kununua chochote. Hifadhi CSV ya UTF-8 kwa ajili ya miaka ijayo, R (programu ya takwimu) au LibreOffice (yenye majedwali kama Excel), zote za bure, kwa kazi ya leo, na faili moja la maandishi ya kawaida linaloeleza kila safu ni nini. Dodoso lenyewe, la Kinyiha na la Kiswahili, liambatane na data. Nimepokea mafaili mengi mazuri yasiyo na swali lililoulizwa, na hayo hayasaidii mtu. Ukishaficha utambulisho wa watu, unaweza kuziweka Zenodo au kwenye Dataverse, hifadhi za data za mtandaoni, bila malipo, na utapata namba ya kudumu ambayo wengine wataitaja wakizitumia. Hongera kwa kuuliza kwa Kinyiha. Ni wachache wanaofanya hivyo.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Makete. Kila mwaka wanakuja watafiti na vishikwambi, wanauliza, wanaondoka. Wananchi wananiuliza majibu yao yanakwenda wapi na sisi tunapata nini. Sina la kuwaambia.

JIBU: Ndugu mtendaji, swali la wananchi wako ni la haki, na inaniuma kwamba umeachiwa wewe kulijibu.

Majibu yao kwa kawaida yanakwenda kwenye kompyuta ya mradi, kisha kwa washirika, kisha kwenye makala iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi safari inaishia hapo. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia matokeo kurudi. Aliyeweza kulipia tafsiri ya dodoso kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili anaweza kulipia kurasa mbili za matokeo kutoka Kiingereza kurudi Kiswahili, na mtu wa kuyaeleza kwa Kikinga au Kiwanji kwenye mkutano wa kijiji. Nawaambia hivi wenzangu wa data kila ninapopata nafasi: fungu hilo liingie kwenye bajeti siku ya kwanza, kwa sababu mwishoni hela huwa zimekwisha.

Lipo lingine ambalo nalipigania. Vijana wa kwenu wanaoajiriwa siku chache kudodosa na kukalimani ndio wanaobeba kazi ngumu kuliko zote, ile ya kusikia Kikinga na kuandika Kiswahili huku mhojiwa akiendelea kusema. Kama wao wameridhia, majina yao yaandikwe kwenye maelezo ya data na kwenye shukrani za makala, na waitwe tena wakati wa kuhakiki tafsiri, kwa malipo. Nimeona mara nyingi jibu lililoonekana halina maana likieleweka pale mdodosaji aliyelichukua alipoulizwa. Mradi unaomsahau unajipunja wenyewe.

Kwa upande wako, una uwezo kuliko unavyodhani. Mtafiti wa kutoka nje lazima awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua yake inateremka kupitia mkoa na wilaya mpaka kwako. Ikifika mezani, kabla ya kugonga muhuri, muulize data zitahifadhiwa wapi, nani ataziona, lini matokeo yatarudi kijijini na kwa lugha gani. Mwambie aandike majibu hayo kwa mkono wake na kuyasaini kwenye nakala inayobaki kwenye faili la kijiji, pamoja na namba ya simu ya mtu wa hapa nchini atakayewajibika yeye akishaondoka.